Nguzo Kichwa Chini

Mlango wa nane ndio uliofunguliwa mpaka mwisho, na Chizuru akatamani usingefunguliwa.

Tangu asubuhi alikuwa amepita nyumba saba za kitongoji cha Nukuiwa, mkononi ana taulo mpya zilizofungwa kwa karatasi nyeupe. Ndiyo desturi. Anayepandisha nyumba hupita mlango kwa mlango kuwaomba majirani waje siku ya kuinua boriti ya juu kabisa. Siku hiyo majirani hushika kamba, na kazi ikiisha mwenye nyumba hupanda juu ya mbao na kuwarushia mochi, vile vitonge vyeupe vya mchele uliotwangwa, nao huviokota kwa kusukumana na kucheka. Nyumba ambayo mochi zake hulala chini bila wa kuziokota ni nyumba ya watu waliofutwa. Hakuna mtu Nukuiwa aliyewahi kuliona jambo hilo kwa macho, lakini wote walijua maana yake.

Milango saba ilikuwa imefunguliwa upana wa kiganja. Mikono ilitoka, ikachukua taulo kwa ncha za vidole, na sauti ikasema wataangalia. Katika nyumba ya mwenyekiti Inokuma hata mkono haukutoka. Mke wake alisema kutoka ndani aiache taulo juu ya pipa la takataka.

Mlango wa nane ulikuwa wa Bibi Haga Toyono. Alikuwa mfupi kiasi kwamba Chizuru alipoinama kumwamkia, vichwa vyao vilikaribia kugongana.

"Bi harusi wa akina Kuwahata," alisema Bibi Haga. Chizuru alikuwa ameolewa miaka kumi na minane, lakini kule mlimani mwanamke aliyetoka mbali hubaki bi harusi mpaka mvi zimtoke. "Mnapandisha lini?"

"Tarehe kumi na mbili, bibi. Saa tatu asubuhi. Baba anaomba kama utaweza..."

"Anaomba? Kwa mdomo wake, au unamwombea wewe?"

Chizuru alimnyooshea taulo. Baba mkwe wake hakuwa ameomba chochote kwa mtu yeyote.

"Nilijua," alisema Bibi Haga. "Basi mpelekee haya. Mume wangu alikufa miaka sita iliyopita, tukamzika pale juu. Mwaka jana mlima wenu ukashuka ukamzika tena. Mtu mmoja amezikwa mara mbili, na hiyo mara ya pili hakuna aliyekuja kuniambia pole." Akaipokea taulo, akaipapasa kama anayepima kitambaa sokoni. "Nzuri. Nitafutia miguu."

*

Miti ya mlima ule alikuwa ameipanda Mzee Yasukichi Kuwahata mwenyewe, baba mkwe wa Chizuru. Akiwa kijana wa miaka ishirini aliangusha kwa shoka msitu mzima wa mialoni, akapanda mierezi kwa mistari iliyonyooka, kama serikali ya wakati ule ilivyowahimiza watu wote wa milimani. Mierezi ingejenga nyumba za nchi nzima na kuwasomesha wajukuu. Ilipokuwa tayari kuvunwa, mbao za ng'ambo zilikuwa zimejaa bandarini, na bei ya mwerezi mmoja ilishuka mpaka ikawa haifikii bei ya kumlipa mtu aukate. Basi haukukatwa, wala haukupunguzwa. Miti ilisongamana, myembamba, mirefu, na chini yake giza ambalo hata jani halikuota. Septemba ya mwaka jana mvua ilinyesha siku tatu, na mteremko ukashuka na mierezi yake ikiwa bado imesimama wima. Hakuna mtu aliyekufa. Ulifunika makaburi ya kitongoji, ukafunika ngazi kumi na moja za mashamba ya mpunga, kisha ukamalizia kwa nyumba ya akina Kuwahata wenyewe.

Baada ya hapo kitongoji kilisubiri neno moja kutoka kwa Mzee Yasukichi. Katika mkutano aliulizwa ana la kusema. Akasema mvua ni mvua, na kwamba serikali iliwaambia wapande, nao wakapanda. Kisha akaondoka kwenda kuzichimbua patasi zake kwenye tope.

Alikuwa fundi seremala, na alikuwa ameamua. Mitsuo, mwanawe wa pekee, ambaye kazi yake ilikuwa kumwaga saruji kwenye kuta za milima iliyokatwa kupitisha barabara, alitaka nyumba ya kiwandani, inayoletwa kwa lori na kusimamishwa kwa siku mbili. Mzee alikataa. Miti iliyobomoa nyumba ndiyo itakayoijenga, alisema, na yeye hataingia katika nyumba nyingine. Akaichagua mierezi iliyolala topeni, akaipasua, akaipiga randa mwenyewe majira yote ya baridi. Mnene kuliko yote aliuweka uwe nguzo ya kati, ile inayobeba boriti zote na jina la nyumba. Kilele chake kilikuwa kimevunjika, na mizizi yake ilikatwa na katapila la waokoaji. Lilibaki gogo lililonyooka, unene wa huku sawa na wa huku.

*

Siku tano kabla ya kupandisha, Chizuru alikuwa amepiga magoti bandani, akiisugua nguzo ile kwa mfuko wa pumba za mchele ili ipate mng'ao. Ilikuwa kazi aliyoipenda. Mti ulikuwa na harufu nzuri, na mikono ikishughulika alikuwa akisali kimyakimya bila kutafuta maneno, akitaja majina ya watu wa kitongoji mmojammoja, hata waliomfungia mlango. Alipofika katikati aliona mistari ya mti imejitokeza wazi, imechongoka kama machipukizi ya mwanzi, moja ndani ya jingine.

Mkono wake ukasimama.

Alikuwa amefundishwa jambo hili katika banda hilihili, mwaka alioolewa, na mzee huyuhuyu. Tazama, alimwambia siku ile, mti haudanganyi. Ncha za mistari yake hutazama mbinguni siku zote, hata ukiupasua, hata ukiupiga randa. Nguzo lazima isimame kama mti ulivyosimama, shina chini, kilele juu. Nguzo iliyopinduliwa hulia ndani ya nyumba, na watu wa nyumba hiyo hawapati kuinua uso. Ndiyo maana fundi huweka alama ya wino mweusi upande wa shina kabla ya kitu kingine chochote.

Chizuru alifuata ncha za machipukizi kwa kidole mpaka mwisho wa nguzo. Pale zilipokuwa zinaelekea, pale palipopaswa kuwa kilele, ndipo ilipokuwa alama ya wino. Matundu ya boriti yalikuwa yamekwisha kuchongwa yote, safi, kwa vipimo vya nguzo kichwa chini miguu juu.

Mzee Yasukichi alikuwa nje ananoa patasi. Jicho lake la kushoto lilikuwa na wingu kwa mwaka wa pili sasa, na la kulia lilikuwa linafuata, lakini daktari alikuwa neno lisilotamkwa mbele yake. Chizuru alimwendea, akapiga magoti, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba labda amekosea yeye, lakini mistari ya nguzo ya kati inaonekana kutazama upande wa wino.

Mzee hakuinua kichwa. "Baba yako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa anauza samaki, Baba."

"Mimi niliwahi kumfundisha kuparua samaki?"

"Hapana, Baba."

"Nimesimamisha nguzo miaka hamsini na minane. Mtoto wa muuza samaki ananionyesha kichwa cha mti na miguu yake." Akaendelea kunoa. "Rudi ukasugue."

Alirudi akasugua. Baada ya muda mzee aliingia, akapita kando ya nguzo kama anayetafuta kitu kingine, na njiani akaweka kiganja juu ya ile mistari. Akakiondoa upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Akatoka.

*

Mitsuo, mume wake, alisikiliza habari hiyo akiwa anakula tambi, ndani ya kibanda cha muda cha serikali, ambacho ukuta wake ulipitisha hata kikohozi cha jirani. Kwa hiyo alizungumza kwa kunong'ona, na maneno makali yakinong'onwa huuma zaidi.

Alimwuliza kama anajua kwamba katika nyumba za kiwandani mashine hukata nguzo bila kujua shina wala kilele, na kwamba nusu ya watu wa mjini wanalala chini ya nguzo zilizopinduliwa na hawajafa. Alimwuliza kama anajua kwamba vibanda hivi vinarudishwa mwisho wa mwezi wa sita, mvua zikiwa juu. Hakuna gogo jingine la unene ule. Kusema ni kukosa nyumba, na kukosa nyumba ni kuondoka Nukuiwa, na majirani wanangoja hilo tu.

"Na wakijua?" aliuliza Chizuru.

"Watajuaje? Anayejua ni wewe." Akainua bakuli, akanywa mchuzi. "Umekaa huku miaka yote hii hujui kunyamaza? Usiulize, usijibu."

Kimadhabahu cha nyumbani kilikuwa juu ya jokofu. Kilichimbuliwa topeni kikiwa na mlango mmoja, na Mzee Yasukichi alikisafisha kwa mswaki kabla hajatafuta hata nguo zake. Chizuru aliweka mchele, akabadilisha maji, akapiga makofi mawili na kuinamisha kichwa. Alikuwa amezoea kuomba kwa ajili ya nyumba. Safari hii hakuomba nyumba. Aliomba asiulizwe.

*

Walikuja. Hilo lenyewe lilimshangaza. Lakini hawakuingia kiwanjani. Walisimama ng'ambo ya barabara, watu kama ishirini, mikono imekunjwa kifuani, mwenyekiti Inokuma mbele yao na kofia yake ya kazi. Baadaye alieleza kwamba walikuja kwa sababu lori la mbao lilikuwa linaziba njia na ilibidi mtu aangalie. Nyuma yao mlima ulionekana, jeraha jekundu kutoka juu mpaka chini, na katikati yake waya na saruji iliyomwagwa na kampuni ya Mitsuo.

Kasisi wa hekalu alinyunyiza chumvi na pombe ya mchele kwenye pembe nne za kiwanja, akasoma maombi ya kuiomba radhi ardhi. Chizuru aliyafuata kila neno. Watu watano, wenzake Mitsuo wa kazini, walivuta kamba, na saa nne nguzo ya kati ilikuwa imesimama. Boriti zikaingia kwenye matundu yake bila hata uwazi wa unywele. Mzee Yasukichi alikuwa bado fundi. Ilipofika saa sita boriti ya juu kabisa ilikuwa mahali pake, na anga lilionekana kati ya mbao kama karatasi iliyopigwa mistari.

Mitsuo akapanda juu na kasha la mochi. Akaita kwa sauti ya furaha, kama inavyotakiwa, akarusha konzi ya kwanza.

Mochi zilianguka juu ya turubai la buluu, zikatoa mlio mdogo mdogo, kisha zikatulia. Ng'ambo ya barabara hakuna aliyesogea. Alirusha konzi ya pili, mbali zaidi, mpaka moja ikavuka barabara na kusimama mbele ya kiatu cha Inokuma. Inokuma aliitazama kama anavyotazamwa paka wa mtu mwingine. Mmoja wa wenzake Mitsuo aliinama aokote, akaona wengine hawaokoti, akajifanya anafunga kamba za kiatu.

Hapo Bibi Haga akavuka barabara.

Chizuru alishukuru moyoni, kwa kudhani bibi ameamua kuokota. Lakini Bibi Haga alikuja moja kwa moja, akizikanyaga mochi zilizokuwa njiani, mpaka kwenye nguzo ya kati. Mume wake alikuwa mpasuaji wa magogo wa Mzee Yasukichi kwa miaka thelathini, na bibi mwenyewe alikuwa amewapelekea chakula bandani kila siku ya miaka hiyo, akasubiri vyombo na kutazama. Aliweka vidole juu ya mbao iliyong'aa. Akavishusha polepole.

"Yasukichi," alisema. Hakupaza sauti, lakini hakuna aliyekuwa akizungumza. "Nguzo yako imesimama kichwa chini."

Mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa nguzo, nyundo ya mti mkononi.

Mitsuo alicheka kutoka juu. "Bibi yangu, macho yanazeeka. Mwulize mke wangu. Ameisugua nguzo hiyo wiki nzima, anaijua kuliko anavyonijua mimi."

Watu wote wakageuza nyuso.

"Haya, bi harusi," alisema Bibi Haga. "Umeulizwa."

Chizuru alikuwa amebeba mochi kwenye aproni. Aliona uso wa mume wake pale juu, jinsi ulivyokuwa umeshika kicheko bila kukiachia. Alifikiria mwezi wa sita. Alifikiria pia kwamba yule aliyemwomba asiulizwe alikuwa amemsikia vizuri kabisa, na alikuwa amekataa.

"Ni kweli," alisema. "Niliona siku tano zilizopita. Nikanyamaza. Naombeni radhi."

Ng'ambo ya barabara mtu mmoja aliguna kwa pua. Mwingine alisema hao ndio akina Kuwahata, hata mti wao wenyewe hawaujui.

"Hakunyamaza." Ilikuwa sauti ya Mzee Yasukichi. "Aliniambia, nikamtukana."

Akaweka nyundo chini. Akainua mikono yote miwili, akaanza kuipapasa nguzo kutoka usawa wa uso kwenda chini, taratibu, kama mtu anayesoma barua aliyokuwa ameificha. Ilimchukua muda mrefu. Alipofika chini alikuwa amepiga magoti.

"Nimekosea," alisema.

"Nguzo?" aliuliza Bibi Haga.

"Nguzo."

Bibi Haga hakuondoka. Alisimama palepale, mikono nyuma, akimtazama kutoka juu, jambo ambalo kwa ufupi wake huenda hakuwahi kulipata maishani kwa mwanamume yule. Alikuwa anasubiri.

"Na mlima," alisema mzee. "Mialoni ilikuwa imesimama vizuri. Serikali ilisema, lakini shoka haikulishika serikali, nililishika mimi. Mumeo aliniambia nisipande mpaka ukingo wa makaburi, niache mialoni ya pale ishike udongo. Nikamwambia mpasuaji hafundishi fundi. Nikapanda mpaka ukingoni." Paji la uso wake lilikuwa limegusa nguzo. "Nimewakosea walio hai na waliozikwa."

Hakuna aliyelia, wala hakuna aliyesema yamekwisha. Inokuma alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akauliza kwa sauti ya kazi sasa itakuwaje, maana lori bado liko njiani.

Mzee alisimama kwa kushika boriti. Iteremshwe yote, alisema. Ataigeuza nguzo, atakata ndimi za kuchomekea za juu na chini, atachonga nyingine, na matundu ya zamani atayaziba kwa vipande. Nguzo itapungua futi moja. Basi nguzo zote za nyumba zipunguzwe futi moja.

"Futi moja?" Mitsuo alikuwa ameshuka, kasha la mochi bado mkononi. "Nyumba gani hiyo? Nitagonga kichwa kila mlango."

"Utainama," alisema Bibi Haga. Akawageukia waliokuwa ng'ambo. "Na nyinyi mmeganda nini? Nguzo haiteremki kwa kutazamwa."

Wakavuka. Walishika kamba bila kuwasalimu wenye nyumba, wakafanya kazi bila mzaha wala wimbo, na ilipofika saa tisa mifupa yote ya nyumba ilikuwa imelala chini. Pombe ya mchele ilibaki ndani ya chupa. Mochi hawakuzigusa. Chizuru aliziokota peke yake, moja moja, akizifuta mchanga kwa aproni. Mume wake alipita karibu yake, akamwuliza kama sasa amefurahi, na hakungoja jibu. Hakusema naye tena kwa siku kumi na moja.

*

Waliingia nyumbani siku tatu kabla ya vibanda kurudishwa. Mara ya pili ya kupandisha hapakuwa na mwaliko wala mochi. Watu sita walikuja kushika kamba, Inokuma akiwa mmoja wao, na walipomaliza waliondoka kabla chai haijawa tayari. Mitsuo alikuwa na michubuko miwili kwenye paji la uso, na kila alipogonga kichwa alimtazama mkewe. Nguzo ya kati ilikuwa na viraka vinane vya mraba, ambavyo hata mgeni angeviona kabla hajaketi.

Mvua ilikuwa inanyesha siku Bibi Haga alipokuja. Chizuru alimwona kutoka dirishani, viatu vya mpira na mwavuli mweusi, akipanda njia bila haraka. Alimwita baba mkwe wake.

Mzee Yasukichi alikuwa mtu mrefu. Alitoka kumpokea mgeni, na mlangoni akainama mpaka kiunoni, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kupita.

"Sikuja kusamehe," alisema Bibi Haga. "Nimekuja kuitazama nguzo."

"Karibu uitazame," alisema mzee, akiwa bado ameinama.

Bibi Haga alivua viatu. Akachomoa kutoka kifuani taulo, ileile, sasa imefifia kwa kufuliwa, akakaa kizingitini akafuta miguu yake vizuri, mmoja kisha mwingine, hata katikati ya vidole. Akaikunja, akairudisha kifuani. Kisha akasimama na kuingia, na kwa kuwa alikuwa mfupi, alipita mlango ule wima.